HERBERT CHAPMAN: MENEJA ALIYEFUNGIWA MAISHA, AKARUDI KUIOKOA ARSENAL

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

 Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya washairi, masheikh na wapigania uhuru. Mwaka huu nimeomba ruhusa nilete mtu wa kandanda. Najua wako watakaosema mpira si jambo la kuandikiwa makala. Lakini hebu pita Mkunguni Jumamosi jioni uone watu wanavyobishana juu ya Arsenal mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Wale wale, ukiwauliza ni nani aliyeifanya Arsenal ikawa Arsenal, watakutajia Wenger. Wenger alifika pale mwaka 1996. Aliyeanza kazi yenyewe alikuwa ameshakufa miaka 62 kabla ya hapo.

Jina lake ni Herbert Chapman. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, karibu na mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Riziki ya kijiji kile ilikuwa chini ya ardhi, katika makaa ya mawe, kama yetu sisi ilivyo baharini. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Herbert naye alibahatika kuwa na kichwa cha masomo, akasomea uhandisi wa migodi mjini Sheffield. Kwa hiyo hata alipokuwa mchezaji alikuwa na ujuzi mwingine mkononi, na mara nyingi alicheza bila mshahara.

Tena tuseme ukweli, kama mchezaji hakuwa wa kutisha. Alihamahama kama ndege wa kusi na kaskazi: Grimsby, Swindon, Sheffield United, Notts County, Northampton, akaishia Tottenham. Naam, Tottenham! Washabiki wa Arsenal wavumilie tu. Kinachokumbukwa zaidi ni viatu vyake vya rangi ya manjano, ati wenzake wamwone upesi wampe pasi. Aliyekuwa na mpira wa kweli katika nyumba ile ni ndugu yake Harry, ambaye akiwa na Sheffield Wednesday alichukua ubingwa wa ligi mwaka 1903 na 1904, na Kombe la FA mwaka 1907.

Mwaka huo huo wa 1907 Northampton Town wakamchukua Herbert awe mchezaji na meneja kwa wakati mmoja. Timu ile ilikuwa mkiani kabisa katika Ligi ya Kusini. Mwaka 1909 ikawa bingwa. Hapo ndipo watu walipoanza kumtazama kwa jicho jingine.

Kwa walimu wetu wasiofuata mpira, nieleze kidogo. Ligi ya Uingereza ina madaraja. Wakati ule timu mbili za mwisho katika daraja la kwanza zilishuka mpaka la pili, na mbili za juu katika la pili zikapanda. Zile za mwisho katika daraja la pili hazikuwa na pa kushukia, basi ilizibidi ziende kuomba kura kwa vilabu vingine zikubaliwe kubaki. Ukinyimwa kura, umetoka. Na kushuka si aibu peke yake. Ukishuka, watazamaji wanapungua. Watazamaji wakipungua, mapato ya mlangoni yanapungua. Mapato yakipungua, unawauza wachezaji wazuri ulipe madeni, na bila wachezaji wazuri unashuka tena. Ni kama chombo kinachovuja: kadiri maji yanavyoingia ndivyo kinavyozidi kulala, na kadiri kinavyolala ndivyo maji yanavyozidi kuingia.

Leeds City ilikuwa chombo cha namna hiyo. Mwaka 1912 ilimaliza ya pili kutoka mwisho katika daraja la pili. Chapman akaajiriwa, na kazi yake ya kwanza haikuwa kufundisha mtu kupiga mpira, bali kuzunguka akiwabembeleza wenye vilabu waipe Leeds kura. Walipewa. Msimu uliofuata wakawa wa sita, na ule wa baada yake wa nne, wamekosa kupanda kwa pointi mbili tu. Uwanja ukaanza kujaa na mapato yakapanda. Ilikuwa dhahiri kwamba mwaka mmoja miwili tu watakuwa daraja la kwanza.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Ligi ya kawaida ikasimamishwa, pakawa na mechi za wakati wa vita ambazo klabu iliruhusiwa kuazima wachezaji wa kwingine, mradi wasilipwe mshahara. Wangepewa gharama za safari na matumizi madogo tu. Mwaka 1916 Chapman alitoka klabuni akaenda kusimamia kiwanda cha silaha cha Barnbow, karibu na Leeds. Aliporudi mwaka 1918 hakukaa. Mwezi wa Desemba mwaka ule akajiuzulu, akaenda kufanya kazi kiwandani katika mji wa Selby. Huenda alishanusa kitu. Hilo ni wazo langu mwenyewe.

Kitu chenyewe kikalipuka mwaka 1919. Mchezaji mmoja, Charlie Copeland, alitaka aongezewe mshahara, akakataliwa. Kwa hasira akaenda kusema kwa wakubwa wa mpira kwamba wakati wa vita klabu ilikuwa ikiwalipa wachezaji kinyume cha sheria. Wakubwa wakawaambia viongozi wa Leeds City walete vitabu vya hesabu. Viongozi hawakuleta. Wakaongezewa muda, bado hawakuleta! Mwezi wa Oktoba 1919, baada ya mechi 8 tu za msimu, Leeds City ikafukuzwa kabisa katika ligi. Nafasi yake ikapewa Port Vale, ikarithi pointi zake pamoja na mechi zilizobaki.

Sasa jamani, tazameni yaliyofuata. Tarehe 17 Oktoba, katika hoteli ya Metropole mjini Leeds, ulifanywa mnada. Wachezaji waliuzwa kwa yeyote mwenye bei, na pamoja nao zikauzwa milingoti ya magoli, nyavu, jezi na viatu. Mfungaji wao mkubwa, Billy McLeod, alinunuliwa kwa zaidi ya pauni 1,000. Ni watu wazima wenye wake na watoto, asubuhi wameamka wachezaji wa klabu moja, jioni wametawanyika Uingereza nzima. Sisi watu wa pwani tuna sababu zetu za kutopenda neno mnada linapokuwa la watu. Najua hawa walikuwa watu huru na hali haikuwa moja, lakini nilipoisoma habari hii nilishtuka.

Viongozi wa klabu na meneja wao wa zamani wakafungiwa maisha wasijihusishe na mpira. Chapman alikuwa mmoja wao.

Je, alikuwa na hatia? Nimefikiri sana juu ya jambo hili, maana kila aandikaye habari zake humpitisha hapa mbio mbio kama mtu anayevuka tope. Utetezi wake ni kwamba wakati wa malipo yale yeye alikuwa kiwandani. Ni kweli alikuwa kiwandani. Lakini vita vilianza mwaka 1914, na yeye ndiye aliyekuwa meneja mpaka 1916, na alirudi tena kabla ya Desemba 1918. Kwangu mimi ni vigumu kuamini kwamba mtu mwenye macho makali namna ile hakujua lolote. Tena vitabu havikuonyeshwa, na bila vitabu hata asiye na hatia hawezi kujitoa. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu jambo hili si la Uingereza peke yake. Katika vilabu vingi vya vijiji vyetu vya visiwani mweka hazina anaweka pesa mfukoni na hesabu kichwani. Timu ikitoka Faza kuja Amu, watu wanachangishana mafuta ya boti, na mafuta yakishanunuliwa hakuna aandikaye. Siku mambo yakiharibika, kila mtu ni mwizi na kila mtu ni mkweli. Wala si vilabu vidogo tu vinavyotupwa nje kwa ajili ya pesa. Sony Sugar ya Awendo, waliokuwa mabingwa wa Kenya mwaka 2006, waliondolewa katika ligi kuu mwaka 2019 kwa kushindwa kufika uwanjani kwa mechi tatu, kwa ukosefu wa fedha. Hawakushushwa na magoli.

Turudi kwa mtu wetu. Mwishoni mwa mwaka 1920 alipoteza hata ile kazi ya Selby. Hebu mfikirieni: umri wake ni miaka 42, hana kazi, ana mke aliyekuwa mwalimu wa shule na watoto wanne, na mpira amefungiwa mpaka kufa kwake.

Aliyemwokoa ni jirani wa Leeds, klabu ya Huddersfield Town, na klabu hiyo nayo ilikuwa imetoka kuponea chupuchupu. Mwaka 1919, Leeds City ilipofukuzwa na uwanja wake kubaki mtupu, tajiri wa Huddersfield aliona heri aihamishe timu yake nzima aipeleke Leeds, kwa vile Huddersfield watu walikuwa hawaji uwanjani. Alikuwa akiidai klabu pesa nyingi. Wenyeji waliposikia wakawaka moto. Watu ambao juzi walikuwa hawataki kulipa kiingilio wakaanza kuchanga na kununua hisa ili timu isiondoke. Ikabaki, na msimu ule ule ikapanda daraja la kwanza! Mimi hupenda sana kisa hiki. Kitu huwa hakina thamani mpaka siku mtu anapotaka kukibeba.

Huddersfield ndio waliokwenda kumtetea Chapman kwa wakubwa kwamba alikuwa kiwandani siku zile. Wakubwa wakakubali kumfungulia. Mwanzoni mwa mwaka 1921 akaingia kama msaidizi, na baada ya muda mfupi akawa meneja. Mwaka 1922 wakachukua Kombe la FA. Mwaka 1924 wakachukua ubingwa wa ligi, lakini kwa unywele: wao na Cardiff City walilingana pointi 57. Huddersfield walifunga magoli 60 wakafungwa 33, Cardiff walifunga 61 wakafungwa 34. Siku zile iligawanywa hesabu, waliofungwa chini ya waliofunga, na Huddersfield wakatokea juu kwa sehemu ndogo sana. Wapenzi wa hesabu wajaribu wenyewe. Kwa utaratibu wa leo tofauti ya magoli ni 27 kwa 27, na Cardiff ndio wangekuwa mabingwa kwa kuwa wamefunga goli moja zaidi. Mwaka 1925 Huddersfield wakachukua tena, safari hii bila wasiwasi, na 1926 mara ya tatu mfululizo, ingawa kufikia hapo Chapman alikuwa ameshaondoka.

Alikwenda wapi? London, kwa Arsenal. Na Arsenal ya wakati ule, enyi mnaovaa jezi zake, ilikuwa ya kusikitisha. Mwaka 1910 ilikaribia kufa kwa madeni huko Woolwich, ikanunuliwa na tajiri wa majumba aitwaye Henry Norris. Mwaka 1913 ilishuka daraja baada ya kushinda mechi 3 tu msimu mzima, ndipo Norris akaihamishia Highbury ipate watazamaji. Mwaka 1919 ilirudishwa daraja la kwanza kwa kura, si kwa miguu, maana katika msimu wa mwisho kabla ya ligi kusimama ilikuwa ya tano tu katika daraja la pili. Tottenham wao wakashuka, na uhasama wao na Arsenal ukazidi tangu hapo. Baada ya kupewa nafasi ile ya bure Arsenal ilikuwa ikining'inia tu. Mwaka 1924 iliponea kushuka kwa pointi moja, na mwaka 1925 ilikuwa ya 20 kati ya timu 22.

Norris akatoa tangazo gazetini la kutafuta meneja, na ndani yake akaonya kwamba anayetegemea kujenga timu kwa kununua wachezaji kwa bei kubwa asijisumbue kuomba. Chapman akaomba, akaajiriwa kwa pauni 2,000 kwa mwaka. Na jambo la kwanza alilofanya ni kumtaka Charlie Buchan wa Sunderland, ambaye bei yake ilikuwa pauni 4,000! Norris akajiona mjanja. Akasema na Sunderland watoe Buchan kwa pauni 2,000, na pauni 100 zaidi kwa kila goli atakalofunga msimu wa kwanza. Buchan akafunga 21. Pigeni hesabu. Ujanja wa tajiri ukamgharimu pauni 100 juu ya bei ya kwanza.

Mwaka ule ule sheria ya ofsaidi ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na goli, sasa wakatosha wawili, na magoli yakaanza kumiminika. Oktoba 1925 Arsenal ikachapwa 7-0 na Newcastle. Baada ya kipigo kile Buchan alitoa shauri, Chapman akalishika: senta hafu aache kupanda mbele, arudi akae katikati ya walinzi wawili. Wakatoka hapo wakaenda kuifunga West Ham 4-0. Mfumo ule wa walinzi watatu ukaja kuigwa duniani kote. Mwisho wa msimu, ile timu iliyokuwa ikitetemekea shimo la daraja la pili ilikuwa ya pili katika ligi, nyuma ya Huddersfield.

Halafu yakamkuta Norris yaliyomkuta Chapman. Mwaka 1927 iligundulika kwamba alikuwa akitumia pesa za klabu kumlipa dereva wake mwenyewe, na basi la timu lilipouzwa kwa pauni 125 pesa zile ziliingia upande wake. Akafungiwa. Ajabu ya dunia: meneja aliyewahi kufungiwa kwa ajili ya vitabu vya hesabu akabaki, tajiri wake akatoka kwa ajili ya vitabu vile vile. Ila ni lazima niseme pia kwamba bila pesa za Norris Arsenal huenda ingezikwa Woolwich.

Baada ya hapo mkono wa Chapman ulifunguka. Mwaka 1928 alimnunua David Jack kutoka Bolton kwa pauni 10,890. Kabla yake hakuna mchezaji aliyewahi kufika pauni 10,000. Mshahara wa juu kabisa ulioruhusiwa kwa mchezaji ulikuwa pauni 8 kwa wiki, kwa hiyo bei ile ingemlipa mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 26. Husimuliwa kwamba siku ya mapatano alikutana na viongozi wa Bolton hotelini, akampanga mhudumu mapema awamiminie wageni kinywaji kikali maradufu, na yeye apewe kisicho na kileo. Kadiri wageni walivyochangamka ndivyo bei ilivyoshuka. Sikisifu kisa hiki, nakisimulia tu.

Mwaka 1929 akamleta Alex James kutoka Preston kwa pauni 8,750. James alitaka zaidi ya zile pauni 8 za wiki, na sheria haikuruhusu. Basi akapatiwa kazi ya pembeni katika duka kubwa la Selfridges, pauni 250 kwa mwaka. Wakubwa wa ligi wakachunguza, wakakuta karatasi zote zimekaa sawa. Mnaona? Mtu yule wa Leeds alikuwa amejifunza. Pesa zilipita, lakini safari hii ziliandikwa.

Matunda yakaja. Kombe la FA mwaka 1930, tena kwa kuifunga Huddersfield yake ya zamani 2-0, timu zote mbili zikitoka uwanjani sambamba kwa heshima yake. Ubingwa wa ligi mwaka 1931, wa kwanza kwa klabu ya London, kwa pointi 66. Ubingwa tena mwaka 1933. Alipenda namba mgongoni, akapigania taa za usiku ambazo hazikuruhusiwa mpaka baada ya kufa kwake, akatia mikono myeupe kwenye jezi nyekundu. Mwaka 1932 akawashawishi wenye reli ya chini ya ardhi wabadilishe jina la kituo cha Gillespie Road kiitwe Arsenal. Jina la klabu likaingia katika ramani na tiketi za London bila kulipa tangazo hata senti. Na husemwa kwamba watu walipoambiwa walete vifusi vya kuinua jukwaa, farasi wa muuza makaa alitumbukia shimoni na mkokoteni wake, ikabidi azikwe pale pale. Bahati yao hawakutumia punda wa Amu, wangekataa hata kusogea.

Mwanzoni mwa Januari 1934 Arsenal ilikuwa ikiongoza ligi. Chapman alisafiri kwenda kutazama mechi kaskazini, akapitia kwao Kiveton Park, akapata baridi. Daktari alimwambia alale. Tarehe 3 akaenda Guildford kuitazama timu yake ya tatu, yaani watoto wanaojifunza, katika baridi ile ile. Ikageuka homa ya mapafu. Alifariki alfajiri ya Jumamosi tarehe 6 Januari, siku 13 kabla ya kutimiza miaka 56, akazikwa Hendon.

Mchana wa siku ile ile Arsenal ilikuwa na mechi nyumbani dhidi ya Sheffield Wednesday, klabu ya ndugu yake Harry. Mechi haikuahirishwa. Wakatoka sare 1-1. Msimu huo wakachukua ubingwa, na mwaka 1935 wakauchukua tena. Tangu ile kura ya mwaka 1919 mpaka leo ninapoandika, Arsenal haijashuka daraja.